Kununua nyumba iliyo kando ya barabara kubwa: mwongozo kamili wa kuamua

Nyumba inayotazama barabara yenye magari mengi mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko nyumba ya ukubwa uleule iliyoingia mtaani. Ukiwa na bajeti ya kubana, moyo unaruka: vyumba vingi, kiwanja kipana, usafiri upo getini. Lakini muuzaji hajakuhurumia. Punguzo hilo ni malipo ya kelele, moshi, vumbi na hatari utakazoishi nazo, na siku utakapouza, mnunuzi wako naye atalidai. Kinachotakiwa ni kupima kama kero ya barabara hiyo inavumilika, kama inarekebishika, na kama punguzo linatosha kulipia marekebisho. Fuata hatua kwa mpangilio huu, kwa sababu za mwanzo hazina gharama kubwa na ndizo zinazoweza kukutoa kwenye biashara mbaya mapema.

Hatua ya 1: Jua mipaka ya barabara inaishia wapi

Barabara ya umma ina eneo lake kisheria, na eneo hilo ni pana kuliko lami unayoiona. Ndiyo hifadhi ya barabara. Ndani yake kuna mabega ya barabara, mitaro, njia za waenda kwa miguu, nguzo, mabomba, na mara nyingi nafasi iliyoachwa kwa ajili ya upanuzi. Nyumba, ukuta au geti likiwa ndani ya eneo hilo, mamlaka inaweza kuamuru liondolewe, na katika nchi nyingi aliyejenga ndani ya hifadhi hana madai ya fidia. Mtu anaweza kuishi humo miaka mingi bila kuulizwa, akaongeza ghorofa, akauza, na barua ya kubomoa ikamkuta mnunuzi.

Usitegemee macho yako wala maelezo ya dalali. Chukua nakala ya hati na ramani ya kiwanja, nenda navyo ofisi ya ardhi, kisha nenda kwa mamlaka inayosimamia barabara hiyo. Hakikisha umefika kwa mamlaka yenyewe hasa, maana barabara kuu na barabara za mitaa kwa kawaida zina wasimamizi tofauti na upana wa hifadhi zao haufanani. Uliza kwa maandishi: hifadhi inapimwa kuanzia wapi na ni mita ngapi kila upande? Kuna mpango wa kuipanua, kujenga daraja la juu, makutano mapya au njia ya mabasi? Kama upo, umefika wapi: ni mchoro tu, umetengewa fedha, au mkandarasi ameshapatikana? Baada ya hapo mlete mpima ardhi aliyesajiliwa atafute mawe ya mipaka na apime kutoka katikati ya barabara hadi kwenye ukuta wa nyumba.

Sehemu ya nyumba yenyewe ikiwa ndani ya hifadhi, achana nayo. Hakuna punguzo linalofidia hilo. Ikiwa ni uzio tu au kibanda cha mlinzi, chukulia kwamba utavipoteza, kisha jiulize: lami ikisogea hadi ukingo wa hifadhi, dirisha la chumba cha kulala litabaki mita ngapi kutoka kwenye magari? Hiyo ndiyo nyumba unayoinunua.

Hatua ya 2: Soma barabara kabla ya kusoma nyumba

Ukuta unaweza kuubomoa, paa ukalibadili, jiko ukalihamisha. Barabara huna mamlaka nayo, kwa hiyo ipe muda wako.

Simama mbele ya nyumba robo saa wakati wa msongamano, kisha rudi robo saa usiku mkubwa. Hesabu magari, lakini malori na mabasi yahesabu peke yake. Usiku ndiyo hesabu ya maana. Barabara yenye magari madogo yanayopita mfululizo hutoa mvumo wa kawaida ambao wengi huuzoea kwa kiasi. Barabara tulivu inayopitiwa na lori moja kila dakika kumi saa nane usiku hukuamsha kila mara unapoanza kupitiwa na usingizi.

Kelele hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake inawachanganya wengi. Magari yakiongezeka maradufu, kelele hupanda desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio hukitambua kwa shida. Sikio husema kelele imekuwa mara mbili pale inapopanda desibeli 10 hivi. Umbali nao uko hivyohivyo: ukienda maradufu ya umbali kutoka barabarani, unapunguza desibeli 3 kwenye ardhi ngumu, na 4 au 5 penye udongo laini na majani. Kwa hiyo nyumba iliyo mita 20 haina unafuu mkubwa kuliko ile ya mita 10, hata kama muuzaji anaisifia kwamba imejitenga. Kinachopunguza kelele kwa kiasi cha kuonekana ni kitu kizito kinachoziba kati yako na barabara. Nyumba ya mstari wa pili, iliyojificha nyuma ya majengo yaliyoshikana, inaweza kuwa tulivu kabisa wakati jirani yake wa mbele hasikilizani na mgeni wake sebuleni. Kabla ya kukata tamaa na mtaa, tafuta huko nyuma.

Kisha angalia magari yanafanya nini yakifika mbele ya nyumba. Mlima hulazimisha malori kushusha gia na kunguruma, na kuteremka huleta breki za injini. Taa za kuongozea magari na makutano huleta kusimama, kuondoka na honi. Tuta likiwa mbele ya nyumba, kila lori tupu litakalolipita litagonga bodi lake. Kiungio cha chuma cha daraja, shimo kwenye lami, mfuniko wa chemba uliolegea: vyote hivyo ni ngoma ya usiku kucha. Kituo cha basi kina faida yake, lakini kikiwa chini ya dirisha unanunua pia wapiga debe na injini zisizozimwa.

Usijipe moyo kwamba magari ya umeme yataondoa tatizo. Gari dogo likizidi mwendo wa kilomita 40 au 50 kwa saa, sauti kubwa hutoka kwenye tairi zikisuguana na lami, si kwenye injini. Vumbi la tairi na breki nalo litabaki.

Hatua ya 3: Kaa kwenye chumba cha kulala

Dalali atakupeleka saa anayoichagua yeye. Wewe omba saa zako: alfajiri siku ya kazi, jioni watu wanaporudi, usiku baada ya saa nne, na siku ya mvua, kwa sababu lami yenye maji huongeza sauti ya tairi. Nyumba ikiwa tupu, omba kulala usiku mmoja. Muuzaji akikataa, tafuta chumba cha kupanga au nyumba ya wageni jirani, upande uleule wa barabara. Ningetaka kila mnunuzi wa nyumba ya namna hii afanye jambo hili hata kama ataruka mengine yote.

Ukiwa chumbani, zima simu, funga mlango na madirisha, kaa pale kitanda kitakapowekwa. Usiongee na uliyekuja naye. Baada ya dakika chache masikio yakitulia utaanza kutofautisha: mvumo wa jumla, pikipiki, lori, mtikisiko unaopanda kwenye miguu. Weka glasi ya maji sakafuni na uangalie uso wa maji gari zito linapopita. Sikiliza kama fimbo ya pazia au kioo cha dirisha kinatoa sauti ya kutetemeka. Kisha fungua madirisha na ukae tena muda uleule. Je, unaweza kuongea kwa sauti ya kawaida? Ukishindwa, na nyumba hiyo inategemea madirisha wazi ili ipate hewa, hapo pana tatizo ambalo halitatuliwi na dirisha zuri peke yake.

Programu ya simu ya kupimia kelele inafaa kwa kulinganisha chumba cha mbele na cha nyuma, au nyumba hii na nyingine. Usiichukue kama kipimo rasmi. Kwa kulinganisha: mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake kwa Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani nje ya nyumba zisizidi wastani wa desibeli 53 kwa siku nzima, hesabu ikizipa jioni na usiku uzito zaidi, na zisizidi 45 usiku. Miongozo yake ya mwaka 1999 ilitaja kwa chumba cha kulala wastani wa desibeli 30, na sauti moja moja zisipite 45. Nyumba nyingi za kando ya barabara kubwa zinavuka viwango vya nje kwa mbali, kwa hiyo kinachokuhusu ni namna ya kuvikaribia vile vya ndani.

Watu watakuambia utazoea. Akili huzoea kweli, mpaka mtu akasema hasikii tena. Mwili hauzoei kwa kiwango hicho: moyo huendelea kubadilisha mapigo kila sauti kubwa inapopita, hata kwa mtu asiyeamka. Kelele za barabarani za miaka mingi zimehusishwa na magonjwa ya moyo. Ndiyo maana naupa usingizi uzito kuliko ukubwa wa sebule.

Mwishoni zungumza na majirani. Usiwaulize kama kuna kelele, kwa sababu mtu hupenda kutetea kwake. Waulize wanalala chumba kipi. Anayesema, "Sisi tulihamia chumba cha nyuma zamani, cha mbele tumekifanya stoo," amekujibu.

Hatua ya 4: Kagua kinachoweza kurekebishwa

Sauti hupita palipo na uwazi. Ukuta unaozuia desibeli 50, ukiwa na uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, hubaki unazuia takriban 20. Ndiyo sababu watu huweka vioo vya gharama na bado wanasikia kila honi: hewa inapita kwenye fremu.

Pima kwa karatasi. Fungua dirisha, weka kipande cha karatasi kwenye ukingo, funga, kisha kivute. Kikitoka bila kushikiliwa, mpira umekufa au dirisha halikazi. Rudia kila kona. Madirisha ya kusukuma ya aluminiamu huwa na udhaifu huu zaidi ya yale yanayofunguka kwa bawaba. Usiku, mtu mmoja amulike tochi nje kuzunguka fremu, mwingine aangalie kutoka ndani taa zikiwa zimezimwa. Usisahau matundu ya hewa juu ya madirisha, uwazi kati ya ukuta na paa, na upenyo chini ya mlango. Nyumba yenye matundu ya hewa ya kudumu itakudai ujenge njia nyingine ya hewa kabla ya kuyaziba.

Ukibadilisha vioo, uzito na nafasi ndivyo vinavyofanya kazi. Dirisha la vioo viwili vilivyokaribiana, lililotengenezwa kwa ajili ya joto na baridi, halizidi sana kioo kimoja kizito kwenye kuzuia mvumo wa malori. Kinachosaidia zaidi ni kuongeza dirisha la pili upande wa ndani, likiwa limeachana na la kwanza kwa sentimita 10 hadi 20, au kioo cha tabaka zenye gundi katikati, na vioo viwili visiwe na unene sawa. Mpe fundi maelezo hayo na udai mpira kuzunguka fremu yote.

Uzio wa matofali husaidia ukiwa mzito, hauna matundu, na una kimo cha kukuzuia kuona magari ukiwa umesimama dirishani. Hapo tu ndipo unapoanza kupata desibeli 5 hivi. Chumba cha ghorofani kinachochungulia juu ya uzio hakipati kitu. Miti ni mizuri kwa macho na vumbi, lakini mstari mmoja wa miti hauzuii sauti. Unahitaji msitu mnene wa makumi ya mita.

Dawa ya bei nafuu kuliko zote ni mpangilio wa vyumba. Tafuta nyumba ambayo jiko, choo, ngazi na stoo vinaweza kuwa mbele, na vitanda vikawa nyuma. Nyumba yenye vyumba vyote vya kulala vinavyotazama barabara, na nyuma ni ukuta wa jirani, ipunguzie thamani bila huruma.

Halafu piga hesabu ya hewa. Ukishafunga madirisha, chumba kitahitaji feni ya kuingiza hewa safi kutoka upande wa nyuma, au kiyoyozi, na umeme wake. Weka gharama hiyo ya kila mwezi kwenye karatasi.

Hatua ya 5: Hewa, na nani atakaa humo

Hapa uamuzi unategemea watu zaidi ya nyumba. Moshi mbichi wa magari, wenye masizi, nitrojeni dioksidi na chembe ndogo mno, huwa mzito zaidi kando kabisa ya barabara na hupungua haraka ndani ya mita 150 hivi za mwanzo. Ripoti ya mwaka 2010 ya Health Effects Institute, taasisi ya Marekani inayotafiti madhara ya hewa chafu kwa afya, iliweka eneo linaloathirika zaidi kuwa mita 300 hadi 500 kutoka barabara kubwa, na ikahitimisha kwamba kuna ushahidi wa kutosha kuwa moshi wa magari huzidisha pumu kwa watoto. Mwaka 2005 bodi ya hewa ya jimbo la California ilishauri nyumba mpya na shule zisijengwe ndani ya mita 150 hivi kutoka barabara za mijini zenye magari 100,000 kwa siku.

Barabara yako huenda haina magari mengi kiasi hicho, lakini malori ya dizeli machache yaliyochakaa yana uchafu wao. Tumia ushahidi wa hapohapo: futa kingo ya dirisha la mbele kwa kitambaa cheupe, kisha ya dirisha la nyuma. Udongo ni wa kahawia na hukung'utika. Masizi ni meusi, yana utelezi wa mafuta na hukamata kwenye nyuzi. Uliza dirisha lilifutwa lini. Angalia pia upepo kwa kawaida unaelekea wapi, na kama barabara imebanwa na majengo marefu pande zote mbili, maana hapo moshi hukwama.

Kama kuna mtoto mwenye pumu, mjamzito, mzee mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, mimi nisingenunua nyumba ya mstari wa mbele kwenye barabara ya malori, hata kwa nusu bei. Kichujio cha HEPA, yaani cha kunasa chembe ndogo sana za hewani, kikiwa chumbani hupunguza chembe, lakini mtoto hachezi chumbani siku nzima.

Kama unapanga bustani ya mboga, pima udongo kwanza. Petroli yenye risasi, ile metali yenye sumu, iliuzwa kwa miongo mingi, na nchi ya mwisho kuiacha, Algeria, iliiacha mwaka 2021. Risasi haiozi, hubaki kwenye udongo wa juu kando ya barabara za zamani.

Hatua ya 6: Ingia na utoke kwa gari, kisha kwa miguu

Toka getini wakati wa msongamano, mara ya kwanza ukielekea kulia, mara ya pili kushoto. Hesabu unasubiri dakika ngapi. Kama huna nafasi ya kugeuza gari ndani ya kiwanja, utatoka kinyumenyume kwenye magari yanayokimbia kila asubuhi. Hilo kwangu ni kosa kubwa la nyumba. Angalia kama kuna ukingo katikati ya barabara utakaokulazimisha kwenda mbali kabla ya kugeuza, na kama wageni wana mahali pa kuegesha.

Kisha tembea njia atakayopita mtoto kwenda shule. Kivuko kiko wapi, na madereva wanasimama kweli?

Nyumba iliyo upande wa nje wa kona kali ni ya kuogopwa, kwa sababu gari linaloshindwa kona huishia huko. Tafuta alama: uzio uliojengwa upya kwa kiraka, nguzo iliyopinda, vyuma vya kingo vilivyokunjika. Usiku ileile kona itakuletea mwanga wa taa za magari ukutani.

Hatua ya 7: Maji na nyufa

Haraka tu, lakini usiruke. Barabara hupandishwa kila inapowekwa lami juu ya lami, na nyumba hubaki chini. Linganisha kimo cha sakafu na cha lami. Sakafu ikiwa chini, fuata mtaro uone unapeleka maji wapi na kama kalvati limeziba. Tazama alama ya maji kwenye kuta kwa nje. Kwa nyufa, mwite fundi mwenye ujuzi wa miundo. Mtikisiko wa magari mara nyingi husingiziwa nyufa zilizoletwa na msingi mbovu, na zote mbili zina gharama.

Hatua ya 8: Weka bei yako mwenyewe

Tafuta bei ambazo nyumba za mtaa huo zimeuzwa kweli, si zinazotangazwa. Linganisha za mbele na za ndani. Tuseme nyumba ya ndani inayofanana na hii inauzwa kwa 100, na hii wanataka 88. Madirisha ya vyumba viwili, feni ya hewa, kurekebisha uzio na nafasi ya kugeuzia gari vinakula 7. Ukishalipa hivyo umefika 95, na bado unaishi kando ya barabara, na utauza kwa punguzo lilelile. Kwa hesabu hiyo 88 ni ghali. Bei inayoanza kuwa na maana ni 80 au chini, kutegemea ulivyolala siku ile ya majaribio.

Uliza nyumba imekaa sokoni muda gani na imebadilisha wamiliki mara ngapi. Kama unachukua mkopo, ongea na benki mapema, kwa sababu mthamini wake anaweza kuipa thamani ndogo kuliko mliyokubaliana na wewe ukatakiwa kujaza pengo.

Kuna wanaofaidika kweli na nyumba hizi: mwenye nia ya kufungua ofisi au duka mbele, ikiwa matumizi ya ardhi yanaruhusu, mtu asiye na gari anayehitaji usafiri saa zote, anayenunua ili apangishe. Ukiwa mmoja wao, barabara ni sehemu ya thamani na unaweza kulipa zaidi. Anayetafuta makazi ya watoto wadogo hana faida hizo, asizilipie.

Hatua ya 9: Mkataba

Andika bei yako ya juu kabisa kabla ya kukutana na muuzaji, na mwenzako aione. Malipo ya awali yawe na sharti kwamba yatarudishwa kama mpima ardhi au mamlaka ya barabara itaonyesha sehemu ya jengo iko ndani ya hifadhi. Muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba hajapokea ilani ya kubomoa wala ya kutwaliwa ardhi, na kwamba kama fidia ya upanuzi itatoka baada ya mauzo, ni ya mnunuzi. Wakili wako aambatishe kwenye mkataba barua ya mamlaka ya barabara na mchoro wa mpima ardhi wenye vipimo kutoka katikati ya barabara, na pande zote mbili zisaini kila ukurasa.